Ndizi Zenu na Mwendo wa Boti ya Fidelis

Tangu nirudi kutoka Lupingu hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nimerudi mzima. Nikitoka kununua mkate naulizwa ndizi. Nikiwa kanisani, kabla "amina" haijakauka midomoni, mtu ananigusa bega: "Baba Neema, na mkungu wangu ulifika?" Juzi nimepigiwa simu na mtu wa Kyimo ambaye hata simkumbuki vizuri, anataka kujua kama wakwe wameonja mshale wake, ile ndizi ya kupika. Nimechoka. Naandika yote hapa mara moja. Someni, peaneni, halafu tukikutana njiani mnisalimie kama binadamu.

Kwa asiyejua mwanzo wake: Atupele, binti wa marehemu kaka yangu, ni muuguzi kule Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, na huko huko amepata mchumba, mwalimu. Sendofu tulifanya hapa Tukuyu, mlikula wenyewe. Ndoa ilikuwa ifungwe kwao bwana harusi, Jumamosi asubuhi. Kaka hayupo, kwa hiyo wa kumshika mkono binti na kumwingiza kanisani ni mimi, baba yake mdogo. Aliniambia kwenye simu, tena bila kulia, na ndiyo maana niliogopa: "Baba mdogo, huku kuna wajomba wa mwenzangu wanasema nimeokotwa, sina kwetu. Usipofika siingii na mtu mwingine. Nitakaa nje." Namjua mtoto yule. Akisema atakaa nje, atakaa.

Barabara ya kuteremkia Lupingu ilikuwa imekatika kwa mvua. Meli haikuwa na safari siku hizo. Ikabaki boti.

Bagamoyo hadi Kisondela

Boti niliitafuta kwa simu. Mwenyewe anaitwa Fidelis, nahodha wa Matema, mtu wa kucheka hata pasipo na kichekesho. "Yangu ina tanga na ina mashine," alisema. "Inakimbia hiyo. Toka Matema alfajiri ya Ijumaa, chakula cha mchana unakula Lupingu." Nikaridhika. Kosa langu likaja baadaye, nilipomwambia mtu mmoja tu hapa Bagamoyo, Bagamoyo yetu hii ya Tukuyu, kwamba Alhamisi naondoka kwenda ukweni kwa Atupele.

Mtu mmoja tu. Jioni hiyo mikungu ilianza kuingia. Najua, kwetu mtu haendi ukweni mikono mitupu, na jirani akienda, na wewe unamshikisha kitu. Lakini mlinishikisha shamba. Asubuhi baraza ilikuwa imejaa hadi mlangoni, mke wangu akatokea dirishani kwenda kuchota maji.

Mimi ni dereva. Nina Kenta yangu, napeleka ndizi na parachichi Mbeya mwaka mzima, na mzigo naujua. Nilipanga vizuri, nikamkaribisha Bi Zaituni, jirani yangu anayeuza vitenge, aliyeomba nafasi na robota lake kwenda kuuza huko huko, tukashuka Kisondela kumchukua dada yangu mkubwa, Bupe. Huyo ndiye shangazi wa Atupele, na kwa kuwa ukoo mzima tunamwita Shangazi, nami nitamwita hivyo.

Shangazi alikuwa kando ya njia. Nyuma yake, juu ya majani, ilipangwa mikungu ya kijiji kizima, na bodaboda bado zilikuwa zinakuja, kila moja na mkungu huku na mkungu huku. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Tata, mkungu uwa kwangu uuweke juu, usiumie. Uwaambie ni uwa kwangu." Kila mtu alitaka atajwe jina.

"Dada, gari limejaa," nilisema.

"Gari limejaa au wewe umejaa?" alinijibu, akaanza kupakia mwenyewe.

Mkungu mmoja hakuupakia. Ulikuwa umefungwa kwa majani makavu ya mgomba na kitenge juu yake, akauingiza ndani pamoja nasi, akauweka katikati ya miguu yake. Tulikuwa watatu kwenye kiti kimoja, magoti yangu yamegusa usukani. Nikamuuliza kwa nini huo ndio upande daraja la kwanza.

"Endesha," alisema.

Kisondela hadi Matema

Mnaijua ile njia. Unatoka Tukuyu umevaa sweta, ukifika bondeni Kyela unataka kuvua hata ngozi. Shangazi hakuvua sweta. Alisema joto ni la watu wa huku, yeye ni mpita njia. Tulisimama Ipinda tukala wali, na hapo nikakosea tena kwa kutaja mbele ya mama muuza chakula kwamba tunakwenda harusini. Akatufungia mchele kwenye mfuko wa salfeti, "wa bibi harusi." Nilitaka kukataa. Bi Zaituni alinikanyaga mguu chini ya meza.

Matema tulimkuta Fidelis ufukweni. Boti ilikuwa nzuri, sitadanganya: mbao imara, mlingoti mrefu, tanga la turubai la buluu, na mashine imefungwa nyuma kabisa. Aliitazama Kenta, akaitazama boti, akasema, "Hamna shida."

Nimekuja kujua kwamba Fidelis akisema hamna shida, wewe kaa chini uanze kuomba.

Upakiaji nilisimamia mimi. Kwenye Kenta mzigo mzito unaukalisha nyuma, tairi za nyuma ndizo zenye kazi. Nikaikalisha mikungu yote nyuma, karibu na mashine, safi kabisa, nikajisifu moyoni. Iliyokosa nafasi Fidelis aliiweka kwenye mtumbwi mdogo, akaufunga kamba tuuburute. Alinitazama napanga bila kusema neno. Nikadhani ni heshima.

Matema hadi Ikombe

Tuliondoka Ijumaa alfajiri, ziwa limetulia, milima ile mirefu imesimama kushoto kwetu. Mashine ililia. Tanga lilining'inia, upepo hakuna. Nilingoja tuanze kukimbia.

Kando ya maji kuna njia ya miguu kwenda Ikombe, wanakofinyanga vyungu. Mama mmoja alikuwa akitembea pale na chungu kichwani. Nilimwona mbele yetu, tukalingana, nikafurahi. Baada ya muda nikamwona tena mbele yetu. Alikuwa akituacha, na hakuwa na haraka.

"Fidelis, mbona haikimbii?"

"Inakimbia ikiwa tupu," alisema.

"Kwenye simu ulisema inakimbia."

"Sikujua mnahama."

Nikamwambia aongeze moto. Akaongeza. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho nisingependa kukijua. Gari ukilikanyaga na mzigo, linalalamika lakini linakwenda. Boti ile ilipokanyagwa iliinua pua juu, ikakalia makalio, na nyuma yetu ukainuka mlima wa maji, nasi tuko bondeni kwake, tunaupanda bila kuufikia juu. Petroli ilikuwa inakwenda, kelele zinakwenda, mtumbwi nyuma unavuta kamba kama mbuzi asiyetaka mnada, na mama wa chungu amepotea kwenye kona.

Moshi ulimchefua Bi Zaituni. Alinyanyuka, akachukua robota lake, akaenda mbele kabisa kwenye mlingoti, akasema kama ni kutapika atatapikia huko. Alipokaa, pua ya boti ilishuka. Makalio yakanyanyuka kidogo. Na sauti ya maji ubavuni ikabadilika, mimi mwenyewe niliisikia.

Basi tukaanza kuhamisha mikungu kutoka nyuma kwenda mbele, mmoja mmoja, katikati ya ziwa, tukipishana kwa kupiga magoti. Boti ilipokaa sawa, mwendo uliongezeka bila kuongeza petroli.

"Hilo nililijua," alisema Fidelis.

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe dereva. Ulikuwa unapanga kwa uhakika sana, nikaona unajua."

Tusi nililokuwa nalo nililimeza, kwa sababu Shangazi alikuwepo.

Ikombe tulisimama kununua maji ya kunywa. Jamaa mmoja wa Fidelis aliingia ziwani, akapapasa chini ya boti, akatoka na kiganja cha majani mabichi ya utelezi. Chini kote kumeota, alisema, boti imevaa koti. "Inakimbia ikiwa imesuguliwa," Fidelis akaeleza. Kusugua lazima ipandishwe mchangani, na kupandisha lazima tushushe ndizi zote. Nilimuuliza kama kuna hali nyingine inayotakiwa ili boti ile ikimbie, aniambie zote kwa pamoja. Alicheka, akasema upepo ukitoka nyuma hapo hata ndege hatufikii.

Ikombe hadi Lumbila

Upepo ulitoka mbele.

Huko wanauita mwera, unatoka kusini na sisi tunakwenda kusini. Tanga lilianza kujipiga makofi, Fidelis akalishusha. Hata liliposhushwa, mlingoti peke yake na yale mafundo ya kamba vilitosha kushikwa na upepo. Nilikuwa nauona mwendo unavyotutoka. Kisha mawimbi. Boti ikipanda wimbi, makalio yanabaki hewani na mashine inapiga ukunga haina maji ya kusukuma. Ikishuka, pua inachota ziwa na kutumwagia. Zile ndizi tulizozipeleka mbele kwa akili zetu sasa ndizo zilizokuwa zinakaribisha maji ndani. Tukazirudisha katikati. Mchele wa bibi harusi ulilowa, na mchele ukilowa uzito wake mnaujua.

Nilichota maji kwa sufuria ya Shangazi. Nachota, ziwa linarudisha. Nikainua kichwa nikatafuta jiwe jeupe nililolitazama mlimani tangu mapema, nikalikuta palepale.

"Tupunguze mzigo," nilisema. "Tutafika Jumapili."

"Tuanze na robota," alisema Shangazi.

"Robota langu lina mtaji, mama," Bi Zaituni alisema, kwa upole wa kutisha. "Ndizi zinaota tena."

Nikashika mkungu wa karibu. Shangazi akanishika mkono. "Huo ni wa mama Ambakisye. Ametoka nao nyumbani hadi barabarani kichwani na mguu wake ule unaouma. Utupe, halafu ukirudi ukamwambie uliutupa." Nikashika mwingine. Akanitajia mwenyewe. Nawaapia, ziwa linaingia ndani na dada yangu anajua kila mkungu ni wa nani. Nikaurudisha. Kwa hiyo mjue, ndugu zangu, kwamba karibu nizame kwa kuwaheshimu.

Alasiri Fidelis aligeuza pua kuelekea Lumbila. Alisema petroli iliyobaki haishindani na upepo ule, tulale, tuanze alfajiri. Nilimwambia ndoa ni asubuhi. Akasema anajua, ndiyo maana amesema alfajiri.

Tulipokaribia mchanga tulisikia vilio. Nyumba ya tatu kutoka majini kulikuwa na msiba, baba wa nyumba, mvuvi. Shangazi alisimama, akajifunga kitenge kiunoni, akasema neno moja:

"Shusheni."

"Dada, tunakwenda harusini."

"Mtu hapiti msibani na chakula, akasema anakwenda kusherehekea."

"Hizi si zetu! Wewe mwenyewe umeniambia si zetu!"

"Wenyewe wangekuwepo wangeshusha," alisema. "Au unadhani mama Ambakisye angepita?"

Nilikasirika mno. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Siku nzima nimekatazwa kutupa mkungu mmoja ili niwahi, na sasa tunashusha yote ili tuchelewe. Lakini watu walishateremka kutupokea, wanabeba, wanatupa pole sisi badala ya sisi kuwapa. Kwa sababu ya upepo boti zao hazikutoka tangu juzi, samaki hakuna, jikoni kulikuwa na unga wa muhogo na maji ya moto. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye mafiga. Walipika ndizi zenu kwenye pipa, mbalaga kama tunavyopika kwetu, na wale waliotoka milimani kwa miguu kuja kuzika walikula wakashiba.

Nilipanda kwenye mwamba wenye mtandao nikampigia Atupele. "Tuko Lumbila," nilimwambia.

"Lumbila, baba mdogo? Leo?"

"Tutaondoka mapema."

"Sawa," alisema. "Nitakaa nje."

Lumbila hadi Lupingu

Nilipoteremka ufukweni alfajiri ile sikuiona boti majini. Kumbe wanaume wa msibani walikuwa wameipandisha mchangani, wameilaza ubavu, wanaisugua tumbo kwa mchanga na makumbi. Hakuna aliyewaomba. Fidelis alikuwa kaketi juu ya jiwe anawaelekeza, kama kwamba ni wazo lake. Mtumbwi tuliuacha hapo, hauna cha kubeba. Mchele ulibaki kwa wafiwa.

Tukasukuma. Boti ilikaa juu ya maji kama jani. Ndani kulikuwa na watu wanne, robota, sufuria na ule mkungu wa Shangazi uliofungwa.

Upepo wa alfajiri ulikuwa unashuka kutoka milimani, unatupiga ubavuni. Fidelis alipandisha tanga, likajaa, akaiacha mashine nusu tu. Na ile boti ikakimbia. Sijui niseme nini kingine, ilikimbia. Maji yalikuwa yanapasuka mbele na kuchekacheka ubavuni, vijiji vinakuja na kupita, na Bi Zaituni alishika ushungi wake kwa mikono miwili.

"Nilikwambia," alisema Fidelis.

Nilitamani kumtosa. Mwenye kusema kweli ikiwa boti tupu, ikiwa imesuguliwa, ikiwa na upepo wake na ikiwa mzigo umekaa mahali pake, huyo si mkweli, ni mtu anayesubiri bahati.

Tulipopita Makonde jua lilikuwa limeshapanda na mwera ukaanza tena kutoka mbele. Tanga likashuka. Mwendo ukapungua, kidogo, halafu sana. Niliuona mlima mmoja ukikataa kusogea, na nikamwona Atupele amekaa nje. Nilitafuta kitu cha kulaumu. Nikauona ule mkungu.

"Na huu?" nilisema. "Huu wenyewe hauna wa kumtaja? Tangu Kisondela unasafiri kama mbunge!"

"Mkungu mmoja si kitu, mzee," alisema Fidelis, kwa mara ya kwanza hakucheka.

Nilikuwa nimeshaunyanyua. Shangazi hakunishika mkono safari hii. Alisema tu, "Huo ni wa nyuma ya nyumba ya kaka yako. Lile shina alilolipanda mwenyewe siku Atupele alipozaliwa. Nimeungoja ukomae tangu walipotangaza siku."

Nikakaa. Kitenge kilikuwa kinalowa, kwa hiyo niliuweka mapajani na kuufunika kwa koti langu la harusi, nikaushikilia hivyo mpaka Lupingu.

Ufukweni

Kengele ilikuwa imeshapigwa zamani. Kanisa la Lupingu tuliliona kutoka majini, liko juu, na ngazini kulikuwa na kitu cheupe. Alikuwa amekaa. Viatu kavua, gauni kalikusanya mapajani, na bwana harusi kasimama pembeni yake na suti, jasho linamtoka, hajamwacha. Niliambiwa baadaye kwamba wajomba walishamleta mwenyekiti wa kijiji amshike mkono, na yeye akasema asante, nangoja.

Aliteremka ule mlima pekupeku. Mimi nimelowa, nanuka petroli, nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Akatutazama, akaitazama boti tupu.

"Ndizi ziko wapi?" aliuliza.

Hata yeye.

Mjomba mmoja wa bwana harusi alikuwa amefika nyuma yake. "Ndio hawa tu?" alisema. Watu watatu waliolowa na kifurushi kimoja. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akamjibu kwamba tulikuwa na mzigo, tumeuacha Lumbila msibani. Yule mzee akauliza ni nyumba gani. Alipoambiwa, alivua kofia. "Mmeshusha msibani," alisema, "na leo mna harusi." Hakuuliza kitu kingine, na neno la kuokotwa sikulisikia tena hadi naondoka.

Atupele alikuwa ameshafungua kitenge. Alishika ndizi moja, zile fupi nene za pale nyumbani, hazifanani na za mtu mwingine. Hakuuliza ni za wapi. Akalia, kile kilio ambacho hakukilia kwenye simu, na Shangazi akamfuta kwa upindo wa sweta lake.

Mkungu niliubeba begani mwenyewe, mkono mwingine nimemshika yeye. Ni mlima mrefu na mzigo ulikuwa mzito, tulipanda polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi sikuwa na haraka. Mbele ya madhabahu niliushusha sakafuni karibu na mguu wangu, maana sikujua pa kuuweka.

Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Hilo ndilo neno langu moja nililosafiri nalo njia yote, na sauti haikutoka. Kanisa zima linasubiri. Atupele akanitazama, akautazama mkungu pale chini, akajibu mwenyewe:

"Baba zangu."

Basi. Ndizi zenu ziliishia Lumbila, na wafiwa wanasema asanteni. Uliofika ni huo mmoja, na msiniulize tena.